Jembe na Sarafu Katika Historia ya Tabora

Katika Unyamwezi ya kale chuma hakikuwa chombo tu, kilikuwa mali. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Uzinza na Usumbwa, kusini ya Ziwa Viktoria, yaliletwa Tabora kuuzwa. Watu walilipia mahari kwayo; na wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani waliyachukua, kwa kuwa Wagogo, ambao nchi yao ilipitiwa na njia ya misafara, waliyapokea kuwa hongo. Jembe lililochakaa halikutupwa: lilirudishwa motoni, likatoka kisu au ncha ya mshale. Thamani ya chuma, basi, ilitegemea mkono uliojua kukigeuza.

Ustadi wa kugeuza madini makuukuu kuwa mali ulionekana tena Tabora, kwa sura nyingine, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Waingereza zilipoifunga bahari, sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani. Serikali ya Wajerumani ikaamuru zipigwe katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora. Mwaka 1916 maganda matupu ya mizinga yaliyeyushwa, yakawa sarafu za shaba za heller 20, zaidi ya milioni moja. Dhahabu ya machimbo ya Sekenke nayo ikawa sarafu 16,198 za rupia 15.

Sarafu ya dhahabu ina tai wa Wajerumani upande mmoja. Upande wa pili, tembo ameinua mkonga mbele ya milima. Picha hiyo yafaa mahali pake, maana ni biashara ya pembe iliyoikuza Tabora ya misafara. Yasimuliwa kwamba aliyeichonga katika muhuri wa chuma alikuwa sonara Msinhala. Tai ni alama ya aliyeamuru. Tembo ni kazi ya aliyetenda.

Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na utawala ule ukakoma. Mwaka 1921 ilianzishwa shilingi ya Afrika Mashariki. Heller ikatoweka sokoni, lakini Kiswahili kimelihifadhi jina lake katika neno hela. Ni haki, basi, historia ya fedha isiishie kwa watawala walioitia chapa, bali iwahesabu pia wahunzi wa Uzinza na mafundi wa Lulanguru, ambao maandishi yao ni madini yenyewe.