Ukomo wa Matunzo: Toleo la Zamani Hutunzwa Hadi Lini?

Kila toleo la programu huria lina tarehe mbili: ile lilipotolewa, na ile ambayo watunzaji wake wataacha kulitengenezea viraka. Tarehe ya pili Waingereza huiita mwisho wa maisha. Hapa naiita ukomo wa matunzo, maana programu haifi siku hiyo. Kesho yake kompyuta huwaka kama kawaida, barua huchapwa na ripoti hutoka. Kinachokoma ni kazi ya watu: mwanya wa usalama ukigunduliwa baadaye, hakuna aliyeahidi kuuziba. Wapo wanaosema msaada, lakini msaada hupewa mtumiaji aliyekwama, ilhali matunzo hulihusu toleo lenyewe, hata pasipo na aliyelalamika.

Fundi wa Moshi anayepiga mfumo huria wa Ubuntu kwenye kompyuta za mtumba za shule ya Marangu au Machame anahitaji kuijua tarehe hiyo, na umri wa toleo peke yake hautamwambia. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022, na matunzo yake ya kawaida yanafika 2027. Ubuntu 24.10 ilitoka Oktoba 2024, na kufika Julai 2025 ilikuwa imekwisha kuachwa. Aliyechukua jipya akidhani ndilo salama aliachwa njiani, na wa toleo la zamani akaendelea kupokea viraka. Sababu ni kwamba toleo linalotoka Aprili ya kila mwaka wa pili, lenye herufi LTS, huahidiwa miaka 5, na yale ya katikati hupewa miezi 9 tu.

Miaka hiyo 5 huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, si tangu fundi alipolipiga. Shule iliyofungua maabara Januari 2025 kwa Ubuntu 22.04 ilibakiwa na miaka miwili na ushei: wanafunzi walioingia kidato cha kwanza mwezi huo watakuwa kidato cha tatu matunzo yatakapokoma. Kwa 24.04, inayotunzwa hadi 2029, wangemaliza kidato cha nne kabla ya ukomo.

Swali linalofuata ni nani anayetunza. Mfongo wa Kichaga huchepusha maji ya kijito mlimani na kuyateremsha hadi vihambani, na wenye zamu ya maji ndio hutoka na majembe kuuzibua. Watu wa juu wakiacha kuzibua, wa chini hawana budi kupanda kuifanya kazi hiyo wenyewe, la sivyo migomba yao itakosa maji. Ndivyo ilivyo kwa lugha ya PHP inayoendesha tovuti na mifumo mingi ya ofisi. Waandishi wake waliacha kulitunza toleo la 8.1 mwishoni mwa 2025. Lakini toleo hilohilo limo ndani ya Ubuntu 22.04, na watu wa Ubuntu wameahidi kulitia viraka hadi 2027. Aliyelichukua kwa waandishi moja kwa moja hana mtunzaji, na aliyelipata kupitia Ubuntu bado anaye.

Pia ahadi haifuniki kila kitu. Miaka 5 ya Ubuntu inahusu sehemu kuu ya mfumo. Maelfu ya programu nyingine zilizomo kwenye hazina yake hutegemea watu wa kujitolea, mpaka mtumiaji ajiandikishe kwenye huduma ya Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi kompyuta 5. Debian, mfumo mwingine huria, nayo hugawa matunzo kwa hatua. Toleo la 12, la Juni 2023, hutunzwa kikamilifu kwa miaka 3, kisha kikundi kingine hulipokea kwa viraka vya usalama hadi Juni 2028.

Kuna mifumo isiyohesabu kwa miaka kabisa. Vituo vya afya vya Kilimanjaro, kama vya nchi nzima, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, na takwimu zake huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania ilikamilisha kuusambaza nchi nzima mwaka 2013. Huko hutunzwa matoleo 3 ya karibuni. Lilipotoka la 42 mwaka 2025, la 39 likatoka kwenye orodha. Basi anayekadiria umri wa toleo aangalie mwendo wa yanayolifuata: matoleo yalipotoka mawili kwa mwaka, kila moja lilidumu kama mwaka mmoja na nusu, sasa linatoka moja kwa mwaka, nalo hudumu kama mitatu.

Hata hivyo, ukomo hauna uzito uleule kila mahali. Maabara isiyo na intaneti inaweza kumalizia muhula na toleo lililoachwa, mradi flashi zinazoingia zikaguliwe. Seva ya hospitali iliyo wazi kwa mtandao haistahili kubaki hivyo hata wiki moja, kwa kuwa mwanya ukishatangazwa, wavamizi huusoma siku ileile wanayousoma mafundi.

Shule na ofisi zina leja ya mali yenye tarehe ya kununua na bei ya kila kompyuta. Iongezwe safu moja ya ukomo wa matunzo, na fundi aijaze kabla ya kulipwa. Hapo bajeti ya kuhamia toleo jingine itapangwa mwaka mmoja kabla, badala ya kutafutwa baada ya mfumo kuvamiwa.