Kitabu cha Mbwa

Kombi iliingia gereji ya mjomba wangu, Kimara Stop Over, saa kumi jioni, ikitambaa kwa gia namba moja huku taa za hatari zikiwaka. Namba zake zilikuwa za Ujerumani. Juu ya paa kulikuwa na paneli ya sola na matairi mawili ya akiba. Ndani, nyuma ya viti vya mbele, kitanda, jiko dogo la gesi na mapazia ya maua. Wenyewe walikuwa wazee wawili, mume na mke, wastaafu, wanaopanda kaskazini kutoka Cape Town. Mteremko wa Kitonga ulikuwa umewamalizia breki, wakajikongoja hivyo hivyo hadi Dar.

Mjomba alipiga magoti kuchungulia tairi la mbele. "Brekipedi zimekwisha kabisa," akasema. Kisha akaruka nyuma, maana dirishani kilikuwa kimejitokeza kichwa cha mbwa.

Alikuwa mbwa jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, aitwaye Lotte. Mbwa wa gereji yetu, wa rangi ya udongo, asiye na jina, akaanza kubweka kama aliyeona mwizi. Yule bibi akaniuliza kwa Kiingereza, haraka, kabla hata ya salamu: huyo amechanjwa? Nikamtafsiria mjomba.

"Mwambie huyu hajawahi hata kuoga," akajibu mjomba, na vijana wote wa gereji wakacheka.

Bibi hakucheka. Alifunga dirisha, akamwinua Lotte na kumweka kitandani, akatoa kijitabu cha buluu chenye duara la nyota kwenye jalada. Pasipoti ya mbwa. Akanipa niisome wakati mumewe na mjomba wanabishana kuhusu bei ya spea. Ndani mlikuwa na picha ya Lotte, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya tarakimu 15 ya chipu iliyo chini ya ngozi ya shingo, mihuri ya chanjo, na ukurasa mmoja ambao bibi aliugonga kwa kidole: kipimo cha damu. Bila ukurasa huu, alisema, hatuwezi kurudi naye nyumbani.

Niliporudia maneno hayo kwa Kiswahili, mjomba akajifuta grisi mikononi. "Kumbe mbwa ana pasipoti. Mimi fundi wa miaka 30 sina."

Tulicheka tena. Lakini mimi nilisoma historia chuoni, na kuna jambo katika kile kijitabu lililonikaa rohoni hata baada ya kombi kuondoka. Mbwa huyu hakuwa wa kwanza kupita huku na mabwana zake kutoka Ulaya. Barabara hii inawafahamu.

Hata jina la gari lenyewe lina historia. Neno la Kiingereza "van" ni ufupisho wa "caravan", na "caravan" lilitoka kwenye neno la Kiajemi "karwan", yaani msafara. Volkswagen ilianza kuunda kombi mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuzipangia vitanda na makabati ili watu wasafiri na kulala humo humo. Ukitaka kuwa mkali wa maneno, kombi yenye kitanda ni msafara uliokatwa jina na kupunguzwa watu: wapagazi wameondoka, mizigo imebaki, na mbwa amebaki.

Machi 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Pamoja na mashuka, shanga, nyaya za shaba, wapagazi na askari, alikuwa na mbwa mlinzi aliyekuja naye kutoka India. Jina la mbwa huyo lilikuwa Omar.

Soma tena jina hilo ukiwa na masikio ya Bagamoyo ya wakati ule. Waungwana wa Unguja na mrima waliokuwa kwenye msafara walikulia kwenye madhehebu ya Shafii, ambako chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Bibi yangu mzaa mama, wa Bagamoyo, alikuwa akifanya hivyo hadi uzee wake. Na Omar ni jina la khalifa wa pili, na la nusu ya wajomba zao. Kila jioni kambini mtu alisikia jina la babu yake likiitwa, kisha akaona anakuja mbwa. Stanley hakuandika walijisikiaje.

Omar hakufika mbali. Msafara uliingia kwenye tope la mbuga ya Mkata wakati wa masika, watu wakatembea ndani ya maji siku kadhaa, na baada ya hapo mbwa akafa kwa ugonjwa wa tumbo. Leo Barabara ya Morogoro inaikata mbuga hiyo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na Lotte alikuwa ameipita siku moja kabla ya kufika Kimara, amelala kitandani, dirisha limefungwa.

Stanley hakukoma. Novemba 1874 aliondoka tena Bagamoyo na mbwa 5 kutoka Uingereza. Wote walifia bara. Wa mwisho, Bull, alikufa mwaka 1876 baada ya kutembea kwa miguu yake mwendo ambao wapagazi wengi hawakuumaliza.

Lakini anayenigusa zaidi ni mbwa wa Livingstone mwenyewe. Aliitwa Chitane. Livingstone aliposhuka pwani ya kusini mwaka 1866 na kuufuata mto Ruvuma, Chitane alikuwa naye. Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, msafara ulivuka kinamasi cha Chimbwe, maji ya kiunoni yenye upana wa maili nzima. Livingstone alitangulia, akasahau kuagiza mtu ambebe mbwa. Kila mmoja alikuwa anahangaika asianguke. Chitane aliogelea katikati yao hadi nguvu zikamwisha, akazama, na hakuna aliyeona. Wahenga wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Chitane hakuuona.

Kwenye shajara yake, Livingstone alimwandikia tanzia. Alieleza jinsi mbwa huyo alivyosimamia msafara, akikimbia mbele kumwona wa kwanza na kurudi nyuma kumhimiza wa mwisho, na jinsi alivyowafukuza mbwa wa vijijini wasikaribie kibanda cha bwana wake. Alisema alikuwa na moyo kushinda mbwa 100 wa nchi hizi.

Hapo ndipo nilipokumbuka bibi akifunga dirisha la kombi. Upande mmoja yupo mbwa mwenye jina, tabia na tanzia. Upande wa pili wapo mbwa 100, wasio na majina, wote kitu kimoja, wote wa kufukuzwa. Mbwa wetu wa gereji alikuwa mmoja wa hao 100.

Ningeweza kuishia hapo, nikamlaumu bibi wa watu na kufunga makala. Tatizo ni kwamba bibi alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nalijua hilo tangu utotoni.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la tatu. Jirani yetu, Kimara Baruti, alikuwa na mtoto wa rika langu ambaye tulikuwa tunakwenda naye shule. Siku moja tukiwa tunarudi, mbwa asiyejulikana alimng'ata kwenye ndama ya mguu, akaendelea na safari yake bila hata kubweka. Jeraha lilikuwa dogo, matundu mawili. Mama yake alimfunga kitambaa. Kesho yake alimpeleka kwenye zahanati moja, akaambiwa chanjo haipo, ajaribu mjini. Mjini kulikuwa na nauli na gharama, na kidonda kilikuwa kinakauka vizuri. Baada ya wiki 6 rafiki yangu alianza kulalamika kwamba mguu unamwasha pale pale pa zamani. Kisha homa. Kisha akashindwa kunywa maji. Akiletewa kikombe, koo linakaza na anapiga kelele. Sisi watoto tulizuiwa kwenda kwao. Tulizuiwa siku 4, na siku ya tano tukaruhusiwa, kwa sababu kulikuwa na msiba.

Kwa Kiswahili tunauita kichaa cha mbwa, na jina hilo linadanganya kidogo, kwa sababu linatufanya tumtafute mbwa mwenye povu anayekimbia ovyo. Kirusi chenyewe hakina haraka. Kinaingia na mate, kinapanda taratibu kwenye neva kuelekea ubongo, mara nyingi kwa mwezi 1 hadi 3. Katika muda huo mtu anaweza kuokolewa: kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister Julai 1885, na mtoto akaishi. Rafiki yangu alifariki miaka 119 baadaye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, wengi wakiwa watoto, na karibu wote wakiwa wameng'atwa na mbwa.

Sasa rudi kwenye kijitabu cha buluu. Kila ukurasa wake umeandikwa na hofu hiyo. Mwaka 1897 Uingereza iliweka amri ya kuzuia mbwa wanaoingia kutoka nje, na mwaka 1902 ugonjwa ukawa umetoweka nchini humo. Mwaka 1918 ukarudi, ukihusishwa na mbwa walioingizwa kinyemela na wanajeshi waliotoka vitani, ukazimwa tena mwaka 1922. Tangu hapo, kwa miongo mingi, kila mbwa aliyeingia alifungiwa miezi 6. Ni mwaka 2000 tu walipoanza kukubali chipu, chanjo na kipimo cha damu badala ya kifungo, na mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ukatoa pasipoti ya mbwa kama ya Lotte.

Kwa hiyo mjomba alikosea, nami nilikosea nilipocheka. Pasipoti ile haikuwa heshima aliyopewa mbwa tukanyimwa sisi. Ni ukuta. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake wanaingia Ulaya kwa chanjo peke yake. Mbwa wa Kimara akitaka kwenda huko atachanjwa, atangoja siku 30, atatolewa damu ipimwe kwenye maabara inayotambuliwa, kisha atangoja miezi 3 mingine. Lotte alitolewa damu kabla hajaondoka kwao, ndiyo maana anaruhusiwa kurudi bila kungoja. Wenzetu wamejilinda dhidi ya mbwa wetu kwa ustadi mkubwa. Swali ni kwa nini sisi, tunaolala nao uani, hatujajilinda.

Jibu la kwamba haiwezekani silikubali. Pemba waliweza. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa kile walichanjwa kwa awamu, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ukawa umekwisha. Mwaka 2016 ukaingizwa upya kutoka bara, watu wakang'atwa, chanjo zikarudiwa kisiwa kizima, na mwaka 2018 ukazimwa tena. Hawakuua mbwa wote wala hawakujenga ukuta. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kukimbilia. Wale mbwa 100 wa Livingstone, kumbe, ndio wanaoamua nani ataishi.

Kombi iliondoka siku ya pili asubuhi, kuelekea Bagamoyo, kisha Tanga na Mombasa. Bibi alitushukuru, akampa mjomba paketi ya kahawa, na Lotte akatutazama dirishani hadi walipoingia kwenye foleni.

Miezi michache baadaye, Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tangazo la spika lilipita mtaani: chanjo ya mbwa na paka, ofisi ya serikali ya mtaa. Nilikwenda gereji na kamba. Mjomba alilalamika kwamba ninampotezea mlinzi wake asubuhi nzima, kisha akavaa kandambili akatufuata.

Foleni ilikuwa ya watoto wengi zaidi ya watu wazima, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba ya manila. Daktari wa mifugo, binti mdogo tu, aliufikia upande wetu akiwa na bomba la sindano mkono mmoja na kalamu mwingine. Alimchoma mbwa wetu begani kabla hajajua kilichotokea. Kisha akachukua kadi, karatasi ngumu iliyokunjwa mara moja, isiyo na nyota wala picha.

"Jina la mbwa?"

Tukatazamana. Miaka 5 alikuwa amelinda gereji ile, na tulimwita kwa mluzi.

"Lazima?" akauliza mjomba.

"Lazima, mzee. Nitajuaje mwakani ni huyu?"

Mjomba akamtazama mbwa, akakuna kidevu.

"Andika Breki," akasema.