PHP: lugha inayotenda kazi ndani ya seva

PHP ni lugha ya programu inayotumika kutengeneza kurasa za tovuti zinazobadilika kulingana na anayezifungua. Ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyetaka tu kujua ni nani wanaosoma wasifu wake kwenye mtandao.

Tofauti na HTML, ambayo husomwa na kivinjari, PHP hutekelezwa ndani ya seva. Msomaji hupelekewa matokeo pekee. Amri zenyewe hazioni.

Anayeanza hujifunza kwanza kwamba amri huandikwa baada ya alama <?php, kila moja humalizika kwa nukta mkato, na jina la kila kibadilika hutanguliwa na alama ya dola. Kwa mfano:

$jina = "Asha";
echo "Karibu, $jina";

Ukurasa utaonyesha "Karibu, Asha". Nukta mkato moja ikisahauliwa, ukurasa mzima waweza kukataa kufunguka.

Hatari kubwa iko kwenye fomu. Maneno ya mgeni yakiunganishwa moja kwa moja na amri ya hifadhidata, mhalifu ataandika amri yake mahali pa jina, na kusoma au kufuta kumbukumbu za wateja. Vitabu vingi vya zamani vilifundisha njia hiyo kwa mysql_query, iliyoondolewa katika PHP 7 mwaka 2015. Mwanafunzi wa sasa aanze na PDO, aandae amri kwanza, kisha data ipelekwe peke yake. Nywila nazo zipitishwe kwenye password_hash; kuzihifadhi kama zilivyoandikwa ni uzembe.