Kabambare: takataka za nyumbani, nini irudi shambani na nini isichomwe

Katika vijiji vya teritware ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, gari ya kubeba takataka haipiti. Kila nyumba inajua penye inatupa: nyuma ya jiko, chini ya migomba, ao katika shimo penye watu walichimba udongo wa matofali. Zamani ilitosha. Maganda ya mihogo, majani ya kufungia chumvi na karanga, makapi ya mawese, majivu, vyote vilioza, na mwaka wenye kufuata mama alipanda maboga palepale.

Kilichobadilika ni sashe. Leo sukari, chumvi, mafuta, hata pombe kali, vinauzwa kwa sashe ndogondogo, juu watu wengi wananunua kipimo cha siku moja. Mali inatoka mbali, kupitia Kalemie ao njia ya Baraka na Fizi. Plastiki inafika nayo, lakini hakuna lori ya kuirudisha. Sheria iko: dekre namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki nchini Kongo. Tanzania nayo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Ila dekre haifagii kiwanja cha mtu.

Hatari ya kwanza iko jikoni, wakati wa kuwasha moto. Sashe inawekwa chini ya makala juu inashika haraka. Moshi wake uko na sumu, na wenye kuuvuta wa kwanza ni mama na mtoto mwenye kubebwa mgongoni. Katika nchi ya michikichi hakuna haja ya kufanya vile. Makapi yenye kubaki kisha kukamua mawese, yakikauka, yanashika moto vizuri kwa sababu ya mafuta yaliyobakia ndani. Vigunzi vya mahindi pia.

Hatari ya pili ni ya mbuzi. Mbuzi anakula sashe yenye harufu ya chumvi ao chakula, plastiki inajaa tumboni, haisagiki, mnyama anakonda na kufa. Mara nyingine jirani analaumiwa bure kwamba ametia sumu.

Vyenye kuoza vinaenda kwenye shimo la mbolea, mbali na kisima. Metre moja ya upana na nusu metre ya kina inatosha kwa nyumba moja. Chini majani makavu, kisha maganda na majani mabichi, kisha mavi ya mbuzi na udongo kidogo, halafu kuanza tena. Majivu yawe machache tu. Sherti kufunika na majani ya mgomba, kwani mvua kubwa inaosha nguvu yote ya mbolea. Ikinuka vibaya, maji yamezidi: ongeza majani makavu. Kila wiki mbili ao tatu inageuzwa, na kisha miezi miwili mpaka mitatu inakuwa nyeusi, yenye kuvunjika mkononi, tayari kwa sombe na lengalenga. Maganda ya mihogo michungu yasipewe mbuzi yakiwa mabichi, juu yako na sumu. Yakaushwe kwanza juani siku kadhaa.

Bidoni na chupa hazitupwi ovyo hapa, zinabeba mawese na maji mpaka zipasuke. Lakini bidoni iliyobeba dawa ya kuua wadudu ao majani isiingie jikoni hata ikioshwa mara kumi: itobolewe, mtu asiitumie tena. Makopo yageuzwe chini juu ili yasishike maji ya mvua. Mbu wa malaria anapenda zaidi madimbwi, lakini yule wa homa ya manjano anazaa hata ndani ya kopo dogo.

Vinabaki vitu vyenye havina dawa nzuri kijijini, na vya kwanza ni mabatri ya tochi na ya redio. Watoto wanayavunja ili wachezee unga mweusi. Yasivunjwe, yasichomwe, yasitupwe chooni wala karibu na mto. Kwa sasa njia yenye hatari ndogo ni kuyakusanya ndani ya chupa kavu yenye kifuniko na kuiweka juu, penye mkono wa mtoto haufike.