Pata Potea, Mkwara na Mkeka: Jinsi Dar Ilivyojifunza Kubeti

Aliyekulia Kariakoo anaujua ule mduara. Watu saba wanane wamesimama, katikati kuna boksi limegeuzwa, juu yake karata tatu zimekunjwa kidogo ili zishikike. Jamaa anazirusha huku anaongea kama redio. Nyekundu moja, nyeusi mbili. Weka elfu kumi, onyesha nyekundu ilipo, chukua elfu ishirini. Kijana mmoja anaweka, anapata. Dada mmoja anaweka, anapata. Mgeni aliyeshuka na basi la asubuhi, hela ya mzigo iko mfukoni, ameangalia mizunguko mitatu na mara zote jicho lake limeikamata nyekundu. Anaweka. Imekula kwake.

Yule kijana na yule dada ni timu moja na mwenye karata, na jioni watagawana. Mchezo unaitwa pata potea, ila kwa mgeni kuna potea peke yake.

Ujanja wa pata potea hauko mkononi tu. Uko kwenye ile hisia kwamba mgeni ameamua mwenyewe. Ameangalia, amefikiri, amechagua, kumbe hakuna alichochagua. Na historia ya kubeti Dar, kutoka Kivukoni mpaka Msimbazi, inaeleweka vizuri zaidi ukiiuliza swali hilo hilo: nani anaamua, na anaamua kwa bei gani?

Karata zenyewe ni wageni wa zamani. Mreno alifika pwani hii mwaka 1498 na kufurushwa Mombasa mwaka 1698, na katika miaka hiyo 200 aliacha Ngome ya Yesu na msamiati wa mezani. Neno karata ni lake. Turufu ni lake, kopa, uru, shupaza na pau vilevile. Karata za picha wazee waliziita wazungu, na huhitaji kamusi kujua kwa nini. Wakati huo Dar haikuwepo hata kwenye ramani. Mji ulipokuja kujengwa miaka ya 1860, mabaharia (wale wa meli, siyo hawa wa mitandaoni) walishusha karata bandarini pamoja na mizigo.

Enzi za ukoloni mji uligawanyika hata kwenye michezo. Ufukweni Kivukoni kulikuwa na Dar es Salaam Club, sehemu ya Wazungu, ambako Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei. Jengo lile baadaye likaja kuwa Mahakama ya Rufani, jambo ambalo linachekesha ukilifikiria. Hatua chache kutoka hapo ilikuwepo hoteli ya Mjerumani iliyoitwa Kaiserhof. Leo hapo ipo New Africa, na ndani yake kuna kasino. Kariakoo, mtaa uliopata jina kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wenyewe walikuwa na bao, drafti na karata za barazani. Kwa Waislamu wengi wa mtaa, karata za kupoteza muda zilivumilika. Pesa ikiingia inakuwa kamari, na kamari ni haramu, hapo hakuna hesabu ya kujadili.

Baada ya uhuru serikali nayo ikaingia mezani. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ikatungwa sheria ya bahati nasibu, na mwaka 1974 ikaja ya Bahati Nasibu ya Taifa. Mjamaa akawa ananunua tiketi na kusubiri. Ukishalipa, kazi yako imekwisha. Iliyobaki ni ya namba.

Halafu ukaja mwaka 2003, na hapa mambo mawili yakatokea karibu karibu bila kujuana.

La kwanza lilikuwa Las Vegas, mwezi Mei. Mhasibu mmoja wa Tennessee, ambaye jina lake la ukoo likitafsiriwa linakuwa Mtengeneza Pesa (na ndilo jina la kuzaliwa, siyo la kisanii), alilipa dola 86 kwenye shindano dogo la poka mtandaoni. Akashinda, akapata tiketi ya shindano kubwa la dunia ambalo wengine waliingia kwa dola 10,000. Walikuwa wachezaji 839. Mhasibu hakuwahi kukaa kwenye shindano la meza za kawaida. Akafika mwisho, wakabaki wawili, yeye na mcheza kamari wa kulipwa mzaliwa wa Lebanon.

Mkono uliomaliza ubishi siyo aliokuwa na karata nzuri. Mezani zilikaa 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza, 8 ya shupaza na 3 ya kopa. Mhasibu alikuwa na mfalme wa shupaza na 7 ya kopa. Alikuwa akisubiri shupaza ya tano au 10 au 5 ya kumkamilishia mstari, vyote vikagoma. Mkononi hakuwa na kitu. Mwenzake alikuwa na jozi ya 9. Mhasibu akasukuma chipsi zote katikati. Yule mzoefu akafikiri, akafikiri tena, akatupa karata. Kwa Kiswahili cha mjini, alipigwa mkwara. Mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5, na dunia nzima ikaanza kufungua akaunti za poka.

La pili lilitokea hapa hapa, wiki chache baadaye. Tarehe 1 Julai 2003 Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ilianza kutumika, ikafuta zile za 1967 na 1974 na kuleta Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kasino, mashine, bahati nasibu, kubeti mpira, vyote vikawa chini ya paa moja lenye jina moja: kubahatisha. Kwa mkusanya kodi na mtoa leseni hiyo inatosha. Kwa mchezaji inaficha jambo kubwa, kwa sababu michezo hii haifanani hata kidogo.

Vijana wengi wa Dar walikutana na poka kwenye Facebook, kuanzia ile ya Zynga ya mwaka 2007, kwenye kompyuta za intaneti kafe na baadaye kwenye simu. Chipsi zilikuwa za bure. Kwa hiyo kila mtu aliweka zote kila mkono, kwa sababu kesho unapewa nyingine. Poka ya bure inafundisha kanuni za mchezo, lakini kitu muhimu kuliko vyote haikifundishi: kutupa karata. Hakuna anayetupa karata kama kubaki hakuna bei.

Na bei ndiyo poka yenyewe. Muuza mitumba anaelewa hili kuliko mhitimu wa hesabu. Belo linanunuliwa limefungwa, hujui ndani kuna jaketi za maana au soksi zisizo na wenza. Muuzaji mzoefu hajiulizi tu kama belo ni zuri. Anajiuliza ni zuri kwa shilingi ngapi. Kwa laki tatu anabeba, kwa laki tano anaondoka, na belo ni lile lile.

Chukua mkono wa kawaida. Mchezaji ana kopa mbili, mezani kuna karata nne, mbili zikiwa kopa. Imebaki karata moja. Ikija kopa, anashinda. Kopa ziko 13, nne anaziona, zimebaki tisa kati ya karata 46 asizoziona. Nafasi yake ni kama asilimia 19.6, mara moja kwenye tano hivi. Katikati kuna 3,000.

Mpinzani akiweka 500, mchezaji analipa 500 kuwania 3,500. Akifanya hivyo mara nyingi, kwa wastani anapata faida ya kama 280 kila mara, ingawa mara nne kati ya tano atapoteza na marafiki watamcheka. Mpinzani akiweka 1,000, analipa 1,000 kuwania 4,000, na hapo anapoteza kama shilingi 22 kila mara. Karibu sare, lakini hasara. Mpinzani akiweka 3,000, kulipia kunamgharimu zaidi ya 1,200 kwa wastani. Karata zile zile, majibu matatu. Anayesema "nilihisi kopa inakuja" amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Mkwara nao una bei. Ukiweka 1,000 kuwania 2,000 iliyoko katikati bila kitu mkononi, unahitaji mpinzani atupe karata mara moja tu kati ya tatu ili usipoteze. Ndiyo maana mkwara mzuri hupigwa kwa mtu anayejua kutupa. Ukimpigia yule aliyezoea chipsi za bure, analipia tu, halafu anakuonyesha jozi ya 2.

Mashindano madogo ndiyo yanayochanganya wengi, kwa sababu pale chipsi siyo pesa. Watu 10 wanatoa 1,000 kila mmoja, wa kwanza anachukua 5,000, wa pili 3,000, wa tatu 2,000. Sura yake ni kama upatu, isipokuwa kwenye upatu zamu yako itafika, hapa saba wanarudi mikono mitupu. Sasa wamebaki wanne wenye chipsi sawasawa. Kila mmoja anasimamia thamani ya 2,500. Mmoja anaweka zote. Je, umfuate?

Ukishindwa, 2,500 yako imekuwa sifuri. Ukishinda, una nusu ya chipsi zote, lakini thamani yako haiwi 5,000. Inakuwa kama 3,830 tu, maana bado wapo wawili, na hata wakikushinda wote wawili watachukua nafasi zao. Unaweka rehani 2,500 kutafuta nyongeza ya 1,330. Ili ikulipe, lazima uwe na uhakika wa kushinda asilimia 65 au zaidi. Mkono wa asilimia 55, ambao kwenye meza ya pesa taslimu ungeufuata umefumba macho, hapa unatupwa. Njia ya kuhesabu hivi ina mizizi isiyotarajiwa: mwaka 1973 mwanatakwimu mmoja Mmarekani alitoa kanuni ya kukadiria farasi watakavyomaliza mbio, nani wa pili, nani wa tatu, na wacheza poka wakaichukua.

Cha ajabu, wawili waliokaa pembeni bila kugusa karata ndio waliofaidika zaidi na ugomvi ule. Anayepiga makofi kwa "jasiri" aliyeweka zote hajui kwamba amepiga makofi kwa msaada.

Wakati hesabu hizi zikisambaa duniani, Dar ilichukua njia nyingine. M-Pesa iliingia mwaka 2008, na kufikia miaka ya kati ya 2010 pesa iliweza kutoka mfukoni mpaka kwenye kampuni ya kubeti bila mtu kusimama kwenye kiti. Mwaka 2017 SportPesa ikawa kifuani kwa Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai hiyo Everton ikaja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia. Mkeka ukawa lugha ya taifa. Kwenye mkeka kuna maamuzi, hilo kweli, mtu anasoma fomu ya timu, majeruhi, kocha. Ila anaamua mara moja, mwanzoni, halafu anasubiri. Hawezi kutupa karata dakika ya 60 akiona beki wake amelewa jua. Na kadiri mkeka unavyorefuka, makato yanajizidisha. Tuseme kampuni inajiwekea asilimia 5 kwenye kila mechi. Mkeka wa mechi 10 utarudisha wastani wa kama 60 kwa kila 100. Anayechanika kwa mechi moja anaamini alikosa kidogo. Bei yake ilikuwa mbaya tangu alipobonyeza.

Halafu ikaja ndege. Aviator, ya kampuni ya Spribe kutoka Georgia, ilitoka mwaka 2019 na kuingia kwenye kila simu ya kijiwe. Ndege inapaa, namba inapanda, wewe unaamua lini ushuke. Kidole kinatetemeka, moyo unadunda, inaonekana ni uamuzi hasa. Lakini mchezo umepangwa kurudisha wastani wa asilimia 97 ya kinachowekwa, na wastani huo haubadiliki sana ukishuka mapema au ukichelewa. Ukishuka mapema unashinda kidogo mara nyingi, ukichelewa unashinda kikubwa mara chache, zile 3 zinaondoka vilevile. Na raundi moja haichukui hata dakika, kwa hiyo zinaondoka haraka. Mgeni wa pata potea alau alipoteza mara moja akaenda zake.

Poka nayo isipewe utakatifu. Lile shindano la watu 10 kwa kawaida halilipwi 1,000. Linalipwa 1,100, na ile 100 ni ya mwenye meza, imeshatoka kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Mchezaji wa kawaida, asiye mbovu wala mkali, ataingia tatu bora mara 30 katika mashindano 100 na kumaliza akiwa amepoteza 10,000. Ili arudishe hela yake tu, bila faida ya hata soda, anatakiwa aingie mara 33. Hizo tatu za ziada lazima azitoe mifukoni mwa wale tisa waliokaa naye, na kila mmoja wao amekuja na mpango huo huo.