Kipande cha Yaya

Ajenti wa kazi za uyaya aliniitisha kitambulisho na cheti cha mwenendo mwema. Sawa tu. Nani humwachia mtu asiyemjua mtoto wake? Nikapigwa alama za vidole vyote kumi, nikalipa, nikasubiri. Nilipompelekea, akasema, "Hiki kitambulisho tutakaa nacho hadi umalize miaka miwili."

Nikakumbuka hadithi za nyumbani. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alining'iniza shingoni kikopo cha chuma. Ndani mlikuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, huyo haendi popote. Akitoroka, anasakwa. Harry Thuku alipokipinga, alikamatwa Machi 1922, na watu waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi Nairobi.

Cucu yangu alilea watoto wa wazungu bila kitambulisho. Wanawake waliingizwa kwenye usajili sheria iliporekebishwa 1978. Alipopata chake, alikifunga kwenye leso, hakukiachia mtu.

Kwa hivyo shida yangu si kukaguliwa. Nikague hata mara mia. Shida ni karatasi inayosema mimi ni nani kulala kwa droo ya mtu mwingine.

Nikamwachia nakala, nikachukua kadi yangu. Kazi sikupata. Bado natafuta, kitambulisho kiko mfukoni.