Mizani Mbili za Kahawa ya Kilimanjaro

Mizani haimjui tajiri wala maskini. Mkono unaoishika ndio unaowajua. Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu waliofanya biashara wameitazama mizani kwa macho mawili: jicho la tamaa na jicho la shaka. Siku hizi husikika sana habari za biashara ya haki, yaani biashara ambayo mnunuzi wa nchi za mbali hukubali kumlipa mzalishaji bei isiyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa, na kuongeza fedha kidogo kwa manufaa ya jamaa yake. Wengi hudhani ya kuwa jambo hili ni jipya na ya kuwa lilizaliwa Ulaya. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe ni kongwe. Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro wakulima wa Kichaga walianza kuitafuta haki hiyo kwa umoja mwaka 1925, na historia yao yafundisha kwamba haki ya mkulima hupimwa kwa mizani mbili: ya kwanza iko katika soko la ng'ambo, na ya pili iko katika ghala la kijijini.

Mibuni ililetwa Kilimanjaro na mapadri wa misheni ya Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Ilikuta ardhi iliyokwisha tayarishwa. Mchaga alikuwa na kihamba chake, shamba la ukoo lililopandwa migomba, likanyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa na wahenga, na kurutubishwa kwa samadi ya ng'ombe waliofugwa nyumbani. Mbuni ulipandwa chini ya kivuli cha mgomba, ukawa mgeni asiyemfukuza mwenyeji. Chakula kilibaki pale pale, na fedha ikaongezeka juu yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwahimiza Wachaga kupanda kahawa. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walisema ya kwamba vihamba vitaeneza magonjwa ya mibuni katika mashamba yao makubwa. Lakini chini ya hoja hiyo palikuwa na hofu nyingine, kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakubali kuchuma kahawa ya mwingine kwa ujira mdogo. Katika nchi jirani ya Kenya hofu ya namna hiyo ilishinda, na Waafrika wakazuiwa kwa miaka mingi kupanda kahawa ya arabika. Wachaga waliona hatari hiyo, na mwaka 1925 wakaunda chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Chama kilipigana na wadudu na magonjwa ya mibuni, kikatetea haki ya kupanda, na kikatafuta njia ya kuuza mazao kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkulima mmoja mwenye kikapu kimoja hawezi kubishana na mnunuzi juu ya bei.

Dhiki ya biashara iliyoikumba dunia tangu mwaka 1929 iliangusha bei, na chama kikaingia katika madeni na magomvi. Serikali ilitunga sheria ya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 mahali pa chama kile pakashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kinachojulikana kwa herufi KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake. Mwaka 1934 kukatoka amri kwamba kahawa yote ya Wachaga iuzwe kwa njia ya chama hicho.

Hapo ndipo mizani ya pili ilipoanza kutikisika. Chama kilichozaliwa kumlinda mkulima kilikuwa sasa mlango wa pekee wa kutokea mazao yake. Bei ilipokuwa ndogo, mkulima hakuweza kujua kama kosa ni la soko la ng'ambo au la karani aliye mbele yake. Aliuliza: kahawa yangu imeuzwa kwa kiasi gani, na kilichokatwa kimekwenda wapi? Hakuridhika na majibu. Mwaka 1937 hasira ikalipuka, maghala ya chama yakashambuliwa, na serikali ikaituliza ghasia kwa nguvu. Wenye mamlaka waliona uasi wa watu wasioelewa biashara. Lakini yafaa kusemwa ya kwamba watu wale walielewa jambo moja vizuri sana: mali bila daftari hupotea bila habari.

Chama kilipona. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, na katika miaka ya 1950 fedha ya kahawa ilionekana kwa macho mlimani: nyumba za bati, shule, na watoto waliosoma. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu. Hata hivyo mafanikio hayakuondoa hatari. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika kote nchini, na kazi yao ikatiwa mikononi mwa mashirika ya umma na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na KNCU ikasimama tena mwaka 1984.

Wakati huo, ng'ambo nako mambo yalikuwa yakigeuka. Mwaka 1988 Waholanzi walianza kuuza kahawa yenye alama ya Max Havelaar, jina la kitabu cha mwaka 1860 kilichofichua dhuluma waliyotendewa wakulima wa Java. Kahawa ya kwanza ilitoka kwa wakulima wa ushirika wa Oaxaca, katika Meksiko. Alama ilikuja kwa wakati wake, kwani mwaka 1989 yalivunjika mapatano ya mataifa yaliyoigawia kila nchi kiasi chake cha kuuza, na bei ikaanguka. KNCU iliingia katika biashara hiyo ya haki mwaka 1993.

Manufaa yake yalidhihirika mwaka 2001. Bei ya arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, ilhali wanunuzi wa biashara ya haki walilipa dola 1.26 kwa arabika iliyooshwa, ndani yake zikiwamo senti 5 za maendeleo ambazo wanachama wenyewe huamua katika mkutano zitumike vipi. Mwaka 2023 kiwango cha chini kilipandishwa kuwa dola 1.80, na nyongeza ya senti 20 juu yake.

Lakini bei hiyo hulipwa kwa chama, kahawa ikiwa bandarini. Haihesabiwi mkononi mwa mkulima kihambani. Kati ya bandari na kihamba kuna usafirishaji, ukoboaji, kodi na mishahara. Tena, si kila gunia hupata mnunuzi wa masharti hayo. Tangu mwaka 1994, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, mkulima aliyedaiwa karo ya mtoto alijikuta njia panda: auze kwao apate fedha taslimu siku ile ile, au apeleke chamani na kungoja malipo ya pili. Wengi waliuza palipokuwa na fedha, na hawakuwa wapumbavu. Kungoja ni amana, na amana huwekwa kwa mtu anayeaminiwa.

Kwa hiyo biashara ya haki ni kinga njema, lakini kinga hiyo huitengeneza mizani moja tu. Mnunuzi wa ng'ambo aweza kuahidi bei. Hawezi kumfungulia mkulima daftari la chama chake. Kazi hiyo ni ya wanachama wenyewe, kama walivyojua waliokutana mwaka 1925, na kama walivyokumbusha kwa uchungu waliokasirika mwaka 1937. Mizani hizi mbili zikilingana, kahawa hujenga kijiji. Ikipinda moja, jasho la mkulima humwagika njiani, na mgomba ndio unaobaki kumlisha.